Kutoka Ardhini hadi Futi 12,000: Shajara ya Mwanagenzi wa Mwavuli, Diani

Oktoba: lengo na njia

Mradi huu una lengo moja, ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili lisibadilike kila ninaposikia masimulizi mapya: kutoka kwenye ndege nikiwa peke yangu, kuanguka kwa utulivu, kufungua mwavuli kwa mkono wangu, na kuuelekeza hadi kutua kwenye ufuo wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, bila mtu kuniongoza kwa redio. Leseni ya kwanza, ambayo katika mtaala wa USPA, yaani chama cha warukaji wa miavuli cha Marekani, haitolewi kabla mtu hajatimiza miruko 25, nimeiweka katika awamu ya pili, kwa kuwa fedha na likizo nilizo nazo haziwezi kubeba yote mawili ndani ya msimu mmoja wa kaskazi.

Anayeanza ana njia tatu za kuingia katika mchezo huu. Ya kwanza ni tandemu, ambapo mgeni hufungwa kwa mikanda kifuani mwa mkufunzi na wote wawili hushuka kwa mwavuli mmoja mkubwa. Ya pili ni ile ya kamba iliyofungwa ndegeni, ambayo humfungulia mrukaji mwavuli mara tu anapotoka. Ndiyo njia ya askari wa miavuli, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango wa raia pia. Ya tatu hujulikana kila mahali kwa herufi AFF, kifupi cha Kiingereza cha Accelerated Freefall, yaani mafunzo ya haraka ya kuanguka huru. Ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Ken Coleman, na tofauti yake kubwa ni kwamba mwanafunzi huanguka huru tangu mruko wa kwanza, akiwa na mwavuli wake mgongoni na wakufunzi wawili wakimshika kila mmoja upande wake, kisha husaidiwa kidogo kidogo hadi aachwe peke yake.

Nimechagua AFF, nikitanguliza tandemu moja kama kipimo. Sababu yangu ni ya kibahili kidogo: tandemu ikirudiwa mara kwa mara hula fedha bila kuongeza ujuzi mwingi, kwa sababu maamuzi yote hufanywa na mtu mwingine. Tandemu moja hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na AFF nzima ni laki kadhaa. Juu ya hizo nimetenga akiba ya kurudia baadhi ya ngazi za mafunzo na ya kulipia malazi siku ambazo upepo au mawingu yatatuweka chini. Ninamshauri anayepanga bajeti yake asilipuuze fungu hilo la mwisho. Mchezo huu una kungoja kwingi.

Novemba: mwili, bima na hatari

Mwezi huu haukuwa na ndege hata kidogo. Daktari alipima shinikizo la damu, akachunguza masikio na mianzi ya pua, akaniuliza kuhusu mabega. Masikio yana uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtu hushuka maelfu ya futi katika muda usiofika dakika moja, na mwenye mafua ambaye hewa haipiti vizuri masikioni anaweza kupata maumivu makali, hata kiwambo cha sikio kuumia. Mabega nayo huulizwa kwa sababu bega lenye tabia ya kuteguka linaweza kuteguka hewani, na mkono wenye bega lililoteguka hauvuti kitu.

Kuna jambo la pili linalohusu Diani hasa. Wageni wengi, na sisi wenyeji pia, huzamia kwa mitungi ya hewa kwenye miamba ya matumbawe asubuhi, kisha mchana wakatamani kupanda ndege. Hewa ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini wakati wa kuzamia huhitaji muda wa kutoka, na kupanda futi elfu kumi na zaidi katika ndege isiyoshikilia shinikizo la hewa huifanya ifumke mapovu ndani ya damu na viungo. Mwongozo wa kawaida wa wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi au siku mfululizo. Nimeamua kutozamia kabisa katika wiki za mafunzo.

Mkataba wangu wa bima ya afya unataja kuruka angani miongoni mwa mambo yasiyolipiwa, kwa maandishi madogo ya ukurasa wa nyuma. Nimekata bima nyingine ya muda inayoutaja mchezo huu kwa jina.

Kuhusu hatari yenyewe, nilitaka tarakimu na si maneno ya kutiana moyo. Kwa hesabu za USPA, mwaka 2023 walikufa watu 10 Marekani katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65, ilhali katika miaka ya 1970 wastani ulizidi vifo 40 kwa mwaka na warukaji walikuwa wachache zaidi. Kilichonishughulisha zaidi ni namna ajali zinavyotokea. Sehemu kubwa huwapata watu ambao mwavuli wao umefunguka vizuri kabisa, kisha wakakata kona kali karibu na ardhi au wakagongana na wenzao hewani. Anayeanza hapewi mwavuli mdogo wenye kasi ya namna hiyo, kwa hiyo hatari yake ya kila siku ni kifundo cha mguu na mfupa wa goko wakati wa kutua. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba sehemu inayopigwa picha, yaani kuanguka, siyo sehemu inayohitaji masomo mengi.

Desemba: tandemu

Kazi niliyojipa siku ya tandemu ilikuwa ndogo: kusoma altimeta na kutaja vimo kwa sauti. Mkufunzi alikubali kunivisha moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Ni kifaa cha ukubwa wa saa pana, chenye mshale mmoja unaozunguka kinyume tunaposhuka, na sehemu ya vimo vya chini kwenye uso wake imepakwa rangi nyekundu ili jicho lisihitaji kusoma tarakimu.

Ndege ilipanda ikizunguka juu ya bahari. Kwa kila futi 1,000 joto hupungua nyuzi 2 hivi, kwa hiyo ufuo uliotuacha tukitokwa na jasho katika nyuzi 31 ulikuwa umegeuka baridi ya nyuzi 7 au 8 tulipokaribia futi 12,000, na mlango ulipofunguliwa baridi hiyo iliingia yote kwa mkupuo. Sikupata ile hali ya tumbo kupanda kooni ambayo watu hutahadharisha. Ndege inakwenda mbele kwa kasi, na mwili unapotoka tayari umebebwa na hewa. Unachohisi ni upepo mkali uliobadili upande, kwanza ukitoka mbele, kisha ukitoka chini.

Watu wawili waliofungwa pamoja wangeanguka kwa kasi kubwa mno kwa mwavuli kufunguka kwa upole, ndiyo maana mkufunzi hutupa nyuma kitambaa kidogo cha kupunguza mwendo, na hivyo tukabaki karibu na kasi ya mtu mmoja, takriban kilomita 200 kwa saa. Nilitaja futi 10,000, nikataja 9,000, kisha sauti yangu ikamezwa na upepo. Nilikuwa nimekadiria kwamba sekunde arobaini ni muda wa kutosha kutazama pwani yote kuanzia Tiwi hadi Galu. Jicho langu liliona samawati, likaona mshale, basi.

Chini ya mwavuli mkufunzi alinipa breki za kuendeshea nishike pamoja naye. Ukivuta ya kushoto, unageuka kushoto. Ukivuta zote mbili, unapunguza mwendo. Dakika hizo tano hivi ndizo zilizonifundisha kitu, na ndizo nilizozijazia kurasa mbili za daftari jioni ile.

Januari: darasa la ardhini

Darasa la AFF huchukua siku nzima, na kwa maoni yangu ndiyo siku muhimu kuliko zote katika mradi huu. Nitakaa hapa kidogo.

Tulianza na begi lenyewe. Ndani yake mna miavuli miwili: mkuu upande wa chini, na wa akiba juu yake, karibu na shingo. Mwavuli mkuu hufunguliwa kwa kutupa hewani mwavuli mdogo sana uliopachikwa chini ya begi upande wa kulia. Huo hujaa upepo, huvuta utepe, utepe huchomoa pini, begi hufunguka, kifuko chenye mwavuli hunyanyuka, kamba hunyooka, ndipo kitambaa kinaanza kujaa. Kingejaa kwa mara moja kingemvunja mtu mgongo au kupasuka chenyewe, na kwa hiyo kipande cha kitambaa cha mraba, ambacho warukaji hukiita slaida, huteremka taratibu kwenye kamba na kuuchelewesha mwavuli usichanue ghafla. Shughuli yote hiyo huchukua sekunde 3 hadi 4. Nilimwomba mkufunzi airudie mara kadhaa mezani, polepole, kwa kuwa kila hatua ya mnyororo huo ndiyo pia mahali ambapo hitilafu inaweza kuingia, na mtu asiyeujua mpangilio hawezi kuitambua hitilafu anapoitazama juu ya kichwa chake.

Mwavuli wenyewe hauna umbo la ule wa mvua. Ni bawa la kitambaa lenye matabaka mawili na vyumba vilivyo wazi upande wa mbele, ambavyo hujazwa na hewa na kulifanya liruke mbele huku likishuka. Domina Jalbert alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1966, na pasipo bawa hilo kutua kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya bahari na minazi kungekuwa bahati nasibu.

Kisha vikaja vimo. Mwanafunzi wa AFF huamriwa kufungua akiwa futi 5,500. Akifika 2,500 lazima awe ameshaamua kama mwavuli alio nao unafaa kutua nao. Haufai, basi anauachia na kufungua wa akiba hapo hapo, na chini ya hapo hakuna tena muda wa kujaribu kuurekebisha. Mwanzoni vimo hivyo viliniingia kichwani kama tarakimu za kukariri za mtihani wa shule, hadi nilipovigeuza kuwa sekunde. Mtu aliyelala kifudifudi hewani hutumia sekunde 10 hivi kushuka futi 1,000 za kwanza, na baada ya kufikia mwendo wake wa juu hutumia sekunde 5 na nusu kwa kila futi 1,000. Maana yake ni kwamba kutoka 5,500 kuna nusu dakika hadi ardhini, na kutoka 2,500 kuna sekunde 14 tu. Tangu siku ile nikisoma kimo chochote ninasoma sekunde.

Baada ya mwavuli kufunguka, mwanafunzi hujiuliza maswali matatu kwa mfuatano uleule kila mara: una umbo la mstatili, umetulia, unaelekezeka? Kamba zikiwa zimejisokota unatanua mikanda ya juu kwa mikono na kupiga teke hewani hadi zijisokotoe, huku jicho likiwa kwenye altimeta. Slaida ikikwama juu unavuta breki zote mbili hadi chini na kuzishikilia. Hayo ni matatizo yenye tiba. Kifuko kisipofunguka, au mwavuli ukining'inia juu kama kitambaa kilichokunjamana, hakuna cha kutibu: unashika kishikio chekundu upande wa kulia wa kifua, unashika cha chuma upande wa kushoto, unavuta chekundu hadi mwisho, unavuta cha chuma hadi mwisho, unajipinda. Chekundu huachia mwavuli mkuu, cha chuma hufungua wa akiba. Mpangilio huo haubadilishwi, maana mwavuli wa akiba ukifunguliwa ndani ya ule ulioharibika unaweza kunaswa nao.

Kishikio hicho chekundu kinafanya kazi kwa pete tatu za chuma zilizopitishwa moja ndani ya nyingine, kila moja ikipunguza uzito unaofika kwa inayofuata, kiasi kwamba uzito wote wa mtu hushikiliwa mwishoni na kitanzi chembamba cha uzi. Bill Booth ndiye aliyeubuni mfumo huo katika miaka ya 1970. Nilikichunguza kitanzi hicho kwa kidole kwa muda mrefu. Hakina unene wa kamba ya kiatu.

Mna pia kifaa cha kielektroniki ndani ya begi, kinachopima mwendo na kimo, ambacho hukata kitanzi cha mwavuli wa akiba chenyewe iwapo mrukaji hajafanya lolote. Aina inayojulikana zaidi ni CYPRES ya kampuni ya Airtec ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Ile ya warukaji wazoefu huamka kwenye kimo cha mita 225 hivi ikiwa mtu bado anashuka kwa mita 35 kwa sekunde. Tulionywa tusikitegemee, tujifanye tumesahau kuwa kipo. Mwavuli wa akiba wenyewe hukunjwa na fundi mwenye cheti peke yake, na kanuni za Marekani zinataka ukunjwe upya ndani ya kila siku 180 hata kama haujaguswa. Kadi yenye tarehe na sahihi yake imo ndani ya begi, na mwanafunzi ana haki ya kuisoma kabla ya kulivaa.

Mchana tulining'inizwa kwenye mikanda chini ya boriti, mkufunzi akionyesha picha za miavuli mmoja baada ya mwingine, nasi tukitakiwa kujibu kwa mikono badala ya mdomo. Picha nzuri, unashika breki. Picha mbaya, nyekundu, chuma, jipinde. Aliendelea hadi mikono ikaacha kungoja ruhusa ya kichwa.

Januari: ngazi ya kwanza

Mlangoni kuna utaratibu wa kutamka: unamtazama mkufunzi wa ndani, unamtazama wa nje, unajiinua, unajishusha, unatoka ukiwa umesukuma nyonga mbele. Kujipinda huko ndiyo siri yote ya kutulia hewani, kwa sababu mwili uliopinda huanguka tumbo likiwa chini wenyewe, ilhali mwili uliojikunja kwa hofu hupinduka.

Kazi za hewani zilikuwa chache: kutazama upeo, kusoma altimeta, kumtazama mkufunzi wa kushoto na kumtajia kimo, kumtazama wa kulia na kumtajia pia; kisha kugusa kishikio cha mwavuli kwa mazoezi mara tatu bila kukivuta. Hewani hakuna mazungumzo yanayosikika, kwa hiyo wakufunzi husema kwa vidole. Vidole viwili vilivyonyooshwa maana yake nyoosha miguu. Dole gumba likielekea chini maana yake jipinde. Kiganja kinachotikiswa maana yake legea. Mimi nilioneshwa kiganja mara nyingi kuliko ishara nyingine yoyote.

Futi 6,000 macho yanaganda kwenye mshale. Futi 5,500 mikono inapungwa juu ya kichwa ili kuwajulisha wengine, kisha mkono wa kulia unakwenda nyuma. Nilitupa. Nilihesabu hadi tano kwa sauti, nikatazama juu: mstatili, umetulia, na nilipoijaribu breki ya kushoto upeo wote ukageuka kulia. Sauti ya redio masikioni ikaniita kwa rangi ya mwavuli wangu na kuniambia nielekee kwenye maji.

Februari: ngazi za kati

Ngazi za mwanzo hushughulika na utulivu, na katika ya tatu wakufunzi wote wawili humwachia mwanafunzi kwa mara ya kwanza wakiwa bado ubavuni mwake. Kuanzia ya nne anabaki mmoja, na kazi huwa ni kugeuka nyuzi 90, kisha mzunguko kamili, kisha kupinduka kinyumenyume na kurudi kwenye utulivu, kisha kusafiri hewani kwa mwili ulionyooka ili kujitenga na wenzako kabla ya kufungua.

Sina mengi ya kuandika hapa. Mguu mmoja ukinyooka zaidi ya mwingine mtu anaanza kuzunguka bila kutaka, na dawa yake ni kuvikaza vidole vya miguu na kujipinda upya. Kuanguka kukishaeleweka mwilini huwa kunajirudia, nami ninaliona jambo hilo kwa wenzangu wote wa darasa, akiwemo dada mmoja mhasibu kutoka Nairobi aliyekuja akiapa kwamba hawezi hata kupanda ngazi ya bati. Wakati huo huo, hakuna kutua kuwili kulikofanana.

Februari hadi Machi: upepo

Kutua ndiko kunakonifanya nifungue daftari kila jioni. Mwavuli wa mwanafunzi huenda mbele kwa kilomita 30 na kitu kwa saa. Ukiuelekeza dhidi ya upepo wa kilomita 20, ardhi inapita chini ya miguu kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ukitua ukisukumwa na upepo huohuo, ardhi inakuja kwa zaidi ya 50. Vifundo vya miguu huvunjikia katika tofauti hiyo, na kwa sababu hiyo USPA haiwaruhusu wanafunzi kuruka upepo ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kilomita 22 hivi.

Njia ya kutua huchorwa kwa vimo vilevile kila mara, na huhesabiwa kutoka ardhini kwenda juu. Kwenye futi 1,000 unapita kando ya uwanja ukiwa umeupa upepo mgongo, kwenye 600 unakata kona ya kwanza, kwenye 300 unageuka kuukabili upepo na tangu hapo hukati tena kona yoyote kubwa. Miguu ikikaribia mita 3 au 4 kutoka mchangani unavuta breki zote mbili hadi chini kabisa, kwa pamoja, macho yakiwa mbele na siyo kwenye vidole vya miguu, na bawa linabadili mwendo wake kuwa kuelea kwa sekunde moja au mbili. Kama hesabu haikukaa sawa, miguu na magoti huunganishwa na mtu hujiviringisha ubavu badala ya kutaka kusimama kishujaa.

Ufuo una masharti yake. Kaskazi na kusi zote hupuliza zikiwa na kiasi fulani cha kutoka baharini, na kwa kuwa ndege humwacha mtu upande upepo unakotoka, mara nyingi unatoka mlangoni ukiona miamba ya matumbawe chini yako na si mchanga. Kwa hiyo tunavaa maboya, na kabla ya kupanda, mtu yeyote anayesema hajui kuogelea hubakizwa chini. Bamvua likijaa, uwanja wa kutua huliwa na maji hadi kubaki ukanda mwembamba, hivyo ratiba ya miruko hufuata jedwali la maji kupwa na kujaa. Asubuhi na mapema, upepo wa nchi kavu unapokuwa bado haujakatika, hewa hupita juu ya minazi na mapaa ya hoteli kabla ya kufika ufuoni, na nyuma ya kizuizi hewa huvurugika kwa umbali mrefu, mara kumi ya kimo chake au zaidi. Mwavuli ukiingia humo hutikisika, na upande mmoja unaweza kukunjamana. Ninapendelea kungoja hadi bahari ianze kupuliza.

Katika jambo hili nilipata mwalimu wa ziada. Nilikwenda Gazi kumsalimia mjomba, ambaye amevua kwa mashua maisha yake yote, nikamwonesha mchoro wa njia ya kutua.

"Shikamoo, mjomba. Hii ndiyo njia ninayopita nikirudi chini."

"Marahaba, mpwa wangu." Aliushika mchoro kinyume, akaugeuza. "Na upepo umeuchukua wapi?"

Nilimwambia kuna soksi ya upepo ufuoni, inaonekana vizuri kutoka juu.

"Hiyo inakwambia upepo wa pale iliposimikwa. Wewe uko juu kule. Tazama maji kwanza, mikunjo yake inalala vipi. Kisha tazama mashua zilizotia nanga zinaelekeza wapi omo. Lakini maji yakiwa yanakupwa kwa nguvu usiziamini mashua, zinafuata mkondo."

Hakuna ukurasa wa mtaala ulionieleza hilo la mkondo. Siku iliyofuata, kabla ya kuvaa begi, nilisimama ufuoni na kulinganisha mikunjo ya maji, mashua na soksi, nikaona mashua mbili zimeelekeza omo kaskazini na soksi inaonesha upepo wa mashariki. Mkufunzi alithibitisha kutoka kwa rubani kwamba upepo wa futi 3,000 nao ulikuwa na upande wake wa tatu. Tangu hapo ninapofunguka, jambo la kwanza baada ya maswali yale matatu ni kuachia breki, kutulia, na kutazama ardhi inateleza kuelekea wapi chini ya viatu vyangu; hapo najua upepo wa kimo nilichopo, na sikusudii kuutumia huohuo kwenye futi 300.

Katikati ya Machi mkufunzi aliivaa redio yake kiunoni na kuniambia hataisema mpaka nikosee. Upepo ulikuwa wa kaskazi, wa kilomita 15 hivi, maji yakikupwa. Nilipita futi 1,000 upande wa bara wa uwanja nikiwa na upepo mgongoni, nikaikata kona ya 600 mapema kidogo kwa kuwa ardhi ilikuwa inakwenda kasi kuliko nilivyopanga, nikaukabili upepo kwenye 300 nikiwa na ufuo mrefu mtupu mbele yangu. Redio haikusema. Nilitua kwa miguu, hatua chache mbele ya alama ya kitambaa, kwenye mchanga mbichi ambao maji yalikuwa yametoka kuuacha.

Mwisho wa Machi: hali ya mradi

Lengo la awamu hii limefikiwa: ngazi za AFF zimekamilika na kutua bila redio kumerudiwa katika upepo wa kaskazi. Sijatua katika kusi hata mara moja, na kwa kuwa kusi hugeuza njia yote ya kutua kuelekea kusini na huvuma kwa nguvu zaidi, nimeiandika kama somo jipya linalohitaji mkufunzi ufuoni.

Masika yanaanza, mawingu yamekuwa ya chini, na haturuhusiwi kuruka kupitia mawingu tusiyoyaona ng'ambo yake. Miezi hii nitajifunza kukunja mwavuli mkuu, kazi ambayo kila mwenye leseni lazima aiweze. Ninaufanyia zoezi mwavuli mkongwe wa mazoezi niliouazimwa na kituo, kwenye sakafu ya ukumbi, na kinachonishinda bado ni kuikandamiza hewa itoke kitambaani bila kukiacha kiteleze nje ya kifuko. Nimepanga pia zoezi la kutua majini katika bwawa la hoteli, nikiwa nimevaa mikanda, ili nijue kujinasua kitambaa kikiniangukia kichwani. Jedwali la awamu ya pili linaanzia hapo, mvua zikikatika.